Jicho la Samaki Kwenye Mfereji wa Kahawa

Miaka kumi na minne nimepiga video za harusi na ruracio, sherehe zetu za mahari, kuanzia Nyeri mjini hadi Embu, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba sijui pa kusimama. Aliyethubutu ni ndugu yangu mdogo, Muriithi, tena mezani kwangu, huku akila chapati zangu.

"Shida yako, Wamucii, unasimama mbali," akasema. "Ati unaogopa kusumbua watu. Mimi nataka unisumbue."

Muriithi ana miaka thelathini na mitatu. Mchana anauza mabati na misumari katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Nyeri. Jioni anapanda skeitibodi, ule ubao wa magurudumu manne, na kuruka nao vitu ambavyo watu wenye akili timamu huvizunguka. Wenzake walioanza naye wote wameshapata vitambi na wake. Yeye alipata goti bovu. Mwezi wa nane daktari alimwonyesha picha ya goti hilo, kano imechanika vibaya, akampa tarehe ya upasuaji. Akamwambia bila kuzunguka kwamba baada ya hapo atatembea, atapanda ngazi, atabeba watoto akijaliwa kuwapata, lakini mambo ya kuruka yamekwisha.

Hakulia. Alikuja kwangu akauliza kama ile kamera yangu ya zamani ya kanda bado inafanya kazi.

Alichotaka ni kimoja tu. Katika miaka yote ya kuruka hakuwa na picha hata moja ya maana akiwa hewani. Alikuwa na video za simu, zilizopigwa kutoka ng'ambo ya barabara na rafiki anayecheka, kidole kimeziba nusu ya anga. Alitaka mruko mmoja upigwe vizuri, kwa kamera ya kanda na lenzi ya jicho la samaki, ile pana ya kupigia karibu, kama wanavyopigwa watu wa mchezo huo kila mahali. Na pa kurukia alikuwa amepachagua tangu utotoni. Ni kiwanda cha kahawa cha ushirika wa kwetu, kule upande wa Kianyaga, tulikokuwa tukipeleka buni migongoni tukitoka shule.

Msimu ukiisha kiwanda hicho hukaa kikavu, saruji tupu. Juu kuna jukwaa la kupokelea buni. Chini ya jukwaa kuna mifereji mitatu ya kuoshea, imelala sambamba, na ng'ambo ya mifereji kuna sakafu pana. Kutoka ukingo wa jukwaa hadi sakafu ile ni hatua tano ndefu za mtu mzima, na kimo cha jukwaa kinanifika kifuani. Msimu mpya ulikuwa unafunguliwa Jumatatu. Maji yakishaachiliwa kwenye mifereji hakuna kuruka hadi mwaka mwingine, na kwa Muriithi mwaka mwingine haukuwepo. Tulikuwa na Jumamosi moja.

"Nitakupiga," nikamwambia. "Lakini ukivunjika, nitakuvunja mara ya pili."

Basi tukaenda kutafuta lenzi. Fundi Ngatia ana kiduka Majengo, hapa hapa Nyeri, orofa ya kwanza, si mbali na msikiti. Ndiye aliyekuwa akitutengenezea kamera sote wa harusi kabla watu wa droni hawajaja kutunyang'anya kazi. Alitoa sanduku la mbao kutoka chini ya meza, akapangusa lenzi tatu kwa shati lake mwenyewe, akaziweka mbele yetu.

Ya kwanza ilikuwa kubwa na nzuri ajabu, lakini ilikuwa ya kamera za watu wa televisheni. Uzi wake wa skrubu haukukubaliana na mdomo wa kamera yangu, na hata ingekubali, uzito ule ungeing'oa kamera yangu pua. Tukaiweka kando.

"Hii ya pili ndio yako, madam," Ngatia akasema. "Hii inaingiza tenti yote, wageni wote, hata sufuria. Kona ni safi. Na ukitaka kuvuta sura ya bibi harusi, unavuta tu, haileti maneno."

Ya tatu ilikuwa na kioo kilichovimba kwenda nje, na mkwaruzo mdogo pembeni. Ngatia aliisukuma kwa kidole, kama mtu anayekuonyesha ng'ombe asiyetaka kumuuza.

"Hii ni ya kichwa ngumu. Kona zinakuwa nyeusi. Na usivute kabisa. Ukivuta kidogo tu, unaona ukungu. Hii unatembea nayo mpaka kwa mtu."

Nilikuwa nimeshaamua ya pili kabla hajamaliza. Mimi ni mtu wa kuvuta, kuleta sura karibu kwa kitufe. Kazi yetu ni ya heshima, mwanamke huwezi kwenda kujibanza katikati ya wazee na mbuzi wao, kwa hiyo unasimama kule nyuma karibu na tenti, unavuta. Nikatoka nayo ubarazani, nikaifunga, nikaelekeza barabarani. Kila kitu kikaingia, kimepanuka, safi. Nikasema tumemaliza, twende.

"Jaribu ingine," Muriithi akasema.

"Ya nini? Kona nyeusi mtu anafanyia nini?"

"Jaribu tu, manze. Haikuumi."

Nikafunga ya tatu kwa hasira. Nikafungua skrini.

Niliona viatu vyangu. Niliona mabati ya paa juu yangu, mnara wa msikiti upande mmoja, na upande wa pili kiwiko cha Ngatia, ambaye alikuwa amesimama ubavuni mwangu na hakuwa na haki yoyote ya kuwa kwenye picha. Barabara yote ilikuwa imejikunja kunizunguka, wauza mitumba, bodaboda, nguo za watu zilizoanikwa kwenye kamba, vyote vimo. Nilikuwa nimekaa na kamera muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa na mume, na sikujua kwamba kuna kioo kinachoweza kuona hivi.

Muriithi akaja akaweka kiganja mbele ya lenzi, shubiri moja. Kiganja kikawa kikubwa kuliko jengo la ng'ambo. Akarudi nyuma hatua mbili tu, akawa punje ya maharagwe.

"Umeona? Ndio maana nasema karibu."

Kisha akapanda ubao wake pale pale ubarazani, akainua magurudumu ya mbele mara moja tu, taratibu. Nilikuwa nimeona kitendo hicho mara elfu. Lakini kwenye kioo kile ubao uliinuka ukaja usoni kwangu, nami nikarudisha kichwa nyuma, kamera nikiwa nimeishika mwenyewe. Hakuna bwana harusi aliyewahi kunifanyia hivyo.

"Nifungie hii, naichukua," nikamwambia Ngatia.

Ufunguo wa kiwanda ulikuwa kwa mama. Mama yetu, Waithira, ana miaka sitini na minane na ni mwanakamati wa ushirika. Mwenyekiti alikuwa amekubali, kwa kuwa tulimwambia tunataka kupiga picha kiwanda kabla hakijafunguliwa, na huo haukuwa uongo. Mama ndiye aliyekuwa mgumu. Muriithi alipewa jina la babu mzaa mama, kwa hiyo mama humwita baba, na katika miaka yote ya ubao ule hajawahi kumtazama akiruka hata mara moja. Ukiutaja, anakumbuka ana sufuria jikoni.

"Nitawafungulia mwenyewe," alisema Jumamosi asubuhi, akifunga kitambaa kichwani. "Lakini sitaangalia. Baba, unasikia? Mimi nitakaa kwa mizani, niwape mgongo, nisali. Mkimaliza mniite."

"Sawa, mami."

"Na ukianguka usinililie."

Tulifika saa mbili na nusu. Mlima ulikuwa umetoka wote, hata theluji kidogo iliyobaki ilionekana, na anga ilikuwa safi kuliko tulivyostahili. Mama alikwenda akaketi kwenye kibanda cha mizani ya kupimia buni, akatupa mgongo kama alivyoahidi. Sisi tukafagia. Maganda makavu ya buni yanateleza, na kokoto moja ndogo inatosha kumtupa mtu. Muriithi alifunga goti kwa plasta pana, akazungusha mara nne, akaruka kidogo pale pale kulijaribu. Niliona uso wake ukibadilika.

"Goti iko na ruka mbili," akasema. "Pengine moja."

"Basi usiipoteze."

Nilisimama kwenye sakafu ya chini, ukingoni mwa mfereji, karibu zaidi kuliko nilivyowahi kumsogelea mtu yeyote kikazi. Nikawasha. Muriithi alitokea nyuma ya jukwaa akisukuma kwa mguu mmoja, mara tatu, mara nne, magurudumu yakinguruma kwenye saruji mpaka mabati yakaitikia. Akafika ukingoni. Akapanda hewani.

Na hapo kidole changu kikafanya kazi yake. Hata sikukituma. Kwenye ngurario, sherehe yetu ya kukamilisha ndoa, bwana harusi anaposhika kisu na kukiweka kwenye bega la mbuzi, mpiga video lazima avute sura, apate jasho, apate macho. Usipovuta wanakurudishia kanda na kukutangaza kijiji kizima. Kidole changu kimevuta kwenye ngurario mia mbili na zaidi, na hakikuona sababu ya kuacha Jumamosi ile.

Skrini yote ikawa uji.

Nilisikia kishindo kimoja, kizito na safi, kisha magurudumu yakienda, yakienda, yakigeuka. Nikainua macho. Muriithi alikuwa amesimama juu ya ubao kule mwisho wa sakafu, anarudi kwangu, mikono juu, meno yote nje.

"Umeona? Wamucii, umeona?"

Sikuwa nimeona chochote. Huo ndio ukweli. Mruko mzuri kuliko yote ya maisha yake ulikuwa umepita mbele ya uso wangu, na mimi nilikuwa nikitazama ukungu. Nilimlaani Ngatia aliyenionya. Nililaani lenzi. Kisha nikafikiri kumdanganya. Nikisema imetoka, anafungasha, anapanda gari, anakwenda kupasuliwa akiwa na furaha, kisha nyumbani nasema kanda imeliwa na mashine. Goti lingebaki na kile kidogo kilichobaki. Nilifikiri hivyo kwa muda wa pumzi mbili, na nilitaka kulia.

"Nilivuta," nikasema.

Alikuwa bado anacheka. Cheko likapungua polepole. Akachukua kamera, akarudisha kanda nyuma, akatazama. Akatazama tena. Akaweka kidole kwenye skrini, kwenye doa la kijivu lililopita kutoka kona hadi kona.

"Hii ni mimi?"

Nikamwambia anitukane, nimestahili. Hakunitukana. Alikaa ukingoni mwa mfereji akakunja mguu, akaunyoosha, goti likatoa sauti niliyoisikia nikiwa nimesimama.

"Bado iko na moja," akasema.

"Hapana. Muriithi, hapana. Umetua. Mimi ni shahidi."

"Hukuona."

Nikanyoosha kidole kwenye goti lake.

"Sikuulizi mambo ya goti," akasema kwa upole ulionichoma kuliko tusi. "Goti ni yangu. Nakuuliza wewe utasimama wapi."

Nilichukua ile plasta yake. Nikakata kipande kwa meno, nikakibandika juu ya kitufe cha kuvutia, kisha kipande kingine juu yake, nikabonyeza mpaka kucha ikauma. Nikavua viatu. Nikaingia kwenye mfereji wa katikati na kulala chali, mwanamke mzima mwenye miaka arobaini, na gauni langu la kazi. Mfereji ulikuwa unanukia kahawa iliyochacha ya msimu uliopita. Nikainua kamera kwa mikono miwili mpaka usawa wa ukingo, kioo kikitazama juu kuelekea jukwaani.

"Hapa," nikasema.

Alinitazama kutoka juu. "Hapo ni sawa," akasema, akaenda.

Nikawa peke yangu na skrini ile ndogo. Sijui nieleze vipi. Anga yote ilikuwa mle ndani, na jukwaa, na nguzo, na paa, na mlima umeinama kwa upande mmoja na theluji yake, na kingo za mfereji zikizunguka kila kitu. Kila kilichokuwepo kilikuwa kimeinama kunitazama mimi niliyelala chini. Nilifikiri, hivi ndivyo mambo yalivyo siku zote, na mimi nimekuwa nikikata vipande vidogo vidogo nikiwauzia watu.

Magurudumu yakaanza. Nilihisi mngurumo kwenye mifupa ya mgongo kabla sijausikia. Ukakua, ukajaza mfereji, ukajaza kifua. Kisha ukakatika.

Aliingia kutoka juu ya kioo. Kwanza ubao, tumbo lake lenye mikwaruzo ya miaka mingi, na magurudumu manne yanayozunguka bila kugusa kitu. Halafu soli ya kiatu iliyotoboka, halafu yeye, mikono imefunguka, shati limejaa upepo. Alikua mpaka akaziba mlima. Akaziba anga. Kwa kitambo kidogo hapakuwa na kitu kingine duniani isipokuwa ndugu yangu, juu, ameachiliwa na kila kitu. Nilimwita Mungu, "Ngai," kwa sauti, na sauti hiyo iko kwenye kanda mpaka leo. Kisha akapita, na anga ikarudi mahali pake.

Kishindo. Magurudumu. Halafu sauti nyingine, laini, ya mwili.

Nilitoka mferejini sijui kwa vipi. Muriithi alikuwa ameketi sakafuni, ameshika mguu kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, anacheka.

"Nilitua?"

"Ulitua. Ukaenda mpaka pale. Ndio goti ikakataa."

"Ulivuta?"

"Sikuvuta."

Mama alikuja kutoka upande wa mizani, akitembea haraka na kunung'unika, akirekebisha kitambaa. "Nilisikia kishindo. Nilijua tu. Nilikuwa nasali na nikajua. Baba, inuka. Wamucii, mbona uko na vumbi mgongoni, hata wewe ulianguka?"

Tulimkokota mpaka kwa mama, nyumba iko karibu. Nilimkalisha kwenye kochi, mguu juu ya kigoda, kitambaa cha maji baridi gotini. Lilikuwa limevimba vibaya. Daktari angefoka, na baadaye alifoka kweli. Mama aliingia jikoni kuweka chai. Mimi nikarudisha kanda.

Tulitazama mara ya kwanza bila kupumua. Mara ya pili Muriithi aliomba niipeleke polepole, picha moja baada ya nyingine, akajiona akiingia, akijaza kioo, akitoka. Alikuwa amefunika mdomo kwa mkono. Nimewaonyesha mabibi harusi wengi picha zao, na wote hutafuta nywele na gauni. Huyu alikuwa anajitazama kana kwamba anaonyeshwa mtu aliyewahi kusimuliwa habari zake tu.

Ilikuwa mara ya tatu nilipoona kitu pembeni. Kule ukingoni kabisa, picha inapojikunja kuingia kwenye weusi wa kona, palikuwa na maua. Nikasimamisha. Nikasogeza uso.

Lilikuwa gauni la mama.

Alikuwa amesimama kwenye ukingo wa mfereji, hatua mbili tu kutoka pale ndugu yangu alipopita. Aliacha kibanda cha mizani, akaja mbio kwenye ngurumo ile, nami nimelala miguuni pake bila kumwona. Mikono yake ilikuwa imenyooshwa mbele, viganja juu, wazi, tayari kumpokea mtu wa kilo themanini akianguka kutoka mbinguni. Nikasogeza picha moja, nyingine, nyingine. Muriithi akapanda. Kichwa cha mama kikapanda naye. Mdomo ukafunguka. Uso ule nilitegemea uwe na hofu, na haukuwa nayo. Ulikuwa uso wa mtu aliyesahau kwamba amekuja kushika.

"Mami," Muriithi akaita. "Kuja uone."

"Sitaki kuona."

"Kuja tu."

Alikuja na birika mkononi, ameshaweka uso wa kukasirika. Akainama kwenye skrini. Nikaipeleka taratibu. Akatazama mpaka mwisho.

"Huyo mama amesimama hapo ni nani?"

"Ni wewe."

"Mimi nilikuwa nimekaa kwa mizani."

Aliweka birika sakafuni, akaketi kwenye kochi karibu na mwanawe, taratibu, asilitikise goti.

"Rudisha," akaniambia. "Rudisha nimuone baba akiwa juu."

Nikarudisha. Magurudumu yakanguruma ndani ya kamera, yakakatika. Na Muriithi alipotokea juu ya kioo, mikono ya mama ikainuka yenyewe kutoka mapajani, ikafunguka.